Waya au mshipi wa kusuka? Kisa cha fimbo nne za dipsi kwenye Ziwa Michigan

Usuli

Kisa hiki ni cha boti moja ya futi 24, ya mtumba, iliyovua samoni msimu mzima kutoka bandari ndogo ya magharibi mwa jimbo la Michigan, Marekani. Majina ya watu nimeyaondoa na bandari siitaji. Nahodha alizaliwa upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, akavua kwa taa tangu ujana wake mpaka vita vilipomtoa. Leo anaishi karibu na Grand Rapids, mji ambao Wakongo wamekuwa wengi kiasi kwamba Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya duka. Mwenzake, tumwite Fundi, ni kijana wa Kigoma anayetengeneza mashine kiwandani. Mimi nilikuwa mtu wa tatu: mshika wavu na mwandishi wa daftari.

Samoni si mwenyeji wa ziwa hili. Serikali ya Michigan ilipanda koho mwaka 1966 na chinuki mwaka 1967, aina mbili za samoni, kwa sababu samaki mdogo wa jamii ya heringi, anayeitwa alewaifu, alikuwa amejaa mpaka anakufa kwa wingi na kuoza fukweni. Samoni alipandwa amle. Alimla, akanenepa, na biashara nzima ya kurambaza, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea, ikajengwa juu yake.

Jambo lililomsumbua Nahodha ni kwamba akili yake ya Tanganyika ilikuwa imegeuzwa chini juu. Kule maji ya kina kirefu hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wote wako tabaka la juu, na usiku wanaufuata mwanga. Huku oksijeni ipo hadi chini, ila chinuki anataka maji ya nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi. Mwezi wa saba maji ya juu hupita nyuzi 20, basi samaki anazama kulifuata tabaka la baridi. Tena maji yamekuwa maangavu sana tangu kome wadogo wa kigeni waenee na kuyachuja, na samaki anayeona mbali huogopa boti. Ukimtaka, umpelekee chambo mita 20 au 30 chini, na ukipeleke pembeni, mbali na kelele za injini.

Kifaa chenyewe

Kazi hiyo hufanywa na kizamishi, sahani ya plastiki ya duara yenye uzito tumboni. Wavuvi wa huku huita dipsi, nasi tukaita hivyo hivyo. Boti ikitembea, maji yanaisukuma sahani kwenda chini. Chini yake kuna bamba linalozungushwa kushoto au kulia, lenye namba 0 hadi 3. Kwenye 0 dipsi inashuka moja kwa moja nyuma ya boti. Kwenye 3 inakwenda mbali pembeni, lakini inapoteza kina. Nyuma yake unafunga mkia wa nailoni wa mita 2 hivi, na mwisho wa mkia kuna chambo: kijiko cha bati, au kibao kinachometameta kikifuatwa na ndoana yenye manyoya.

Mshipi mkuu unashikwa na mkono mdogo uliobanwa kwa skrubu. Samaki akivuta, au wewe ukiikung'uta fimbo, mkono unafyatuka, sahani inalala na kuja bila ubishi. Isipofyatuka, unavuta sahani iliyokaza maji pamoja na samaki, na yeyote aliyewahi kufanya hivyo atakwambia ni kama kuvuta ndoo.

Hapo ndipo swali la mshipi linapoingia. Nailoni ya kawaida hunyumbuka. Ukiwa na mita 60 ndani ya maji, ukikung'uta fimbo, mnyumbuko wote unaishia njiani na dipsi haijui kama umefanya kitu. Kwa hiyo chaguo hubaki mawili: mshipi wa kusuka wa nyuzi za plastiki ngumu, au waya wa chuma cha pua uliosokotwa kwa nyuzi 7.

Yaliyotokea: mwezi wa saba

Tulianza msimu na fimbo nne za dipsi, mbili kila upande, zote zikiwa na mshipi wa kusuka. Fimbo zilinunuliwa zikiwa hivyo, hakukuwa na uamuzi wowote. Mwezi wa sita zilifanya kazi vizuri, samaki wakiwa juu.

Katikati ya mwezi wa saba ulivuma upepo wa kusini siku nne mfululizo. Upepo huo hulundika maji ya moto kwenye ufuko wa Michigan, na tabaka la baridi linasukumwa chini. Kipimajoto cha kamba kilituonyesha nyuzi 12 zikianzia karibu mita 30. Nahodha akatoa futi 200 na zaidi kwenye kila fimbo, na matatizo matatu yakaja kwa pamoja.

La kwanza lilikuwa viroboto wa maji. Ni viumbe wadogo wa jamii ya dafnia, wenye mkia mrefu wa miiba, waliofika Maziwa Makuu ya Marekani kutoka Ulaya na Asia ndani ya maji ya kusawazishia meli. Hunasa kwenye mshipi kwa maelfu na kuganda kama pamba iliyoloa. Ukivuta, bonge linafika kwenye pete ya ncha ya fimbo na kukwama. Asubuhi moja chinuki mkubwa alikuwa mita 15 kutoka kwenye wavu wangu, Fundi akazungusha rili, rili ikagoma. Nahodha akaanza kuikwangua ile pamba kwa kucha huku samaki akigeuza kichwa, na tulipopata tena mshipi, samaki hakuwepo.

La pili, dipsi zilikuwa zinakataa kufyatuka. Tulipoteza samaki wawili hivyo.

La tatu, fimbo za dipsi zilikaa kimya kwa saa nyingi wakati fimbo nyingine mbili, za winchi ya chubwi (chubwi zito linaloshusha chambo moja kwa moja chini), zilikuwa zinapigwa na samaki. Hili ndilo lililomuuma Nahodha kuliko yote. Aliandika daftarini mwenyewe, kwa herufi kubwa: MSHIPI HAUSHUKI.

Uamuzi wa kwanza

Jioni ile, gatini, mvuvi jirani alituambia maneno ambayo utayasikia katika kila bandari ya ziwa hili: badilisha uweke waya. Waya ni mzito, unashuka zaidi kwa futi zilezile. Viroboto hawaung'ang'anii sana. Tena unapokata maji unavuma, na wengi wanaamini samoni anaufuata mvumo huo.

Nahodha akaamua siku hiyohiyo. Sababu zake, kama nilivyoziandika, zilikuwa kina, viroboto na kufyatuka. Fundi alipinga kidogo. "Mzee, tubadilishe mbili kwanza tulinganishe." Nahodha akajibu kwamba msimu wa samoni ni mfupi na hakuja ziwani kufanya maabara.

Akanunua waya unaostahimili mvuto wa ratili 30, spuli nne za futi 1,000, na tukautia kwenye rili zilezile na fimbo zilezile. Kosa hilo lilitugharimu mwezi mzima.

Mwezi wa nane: ushindi wa asubuhi moja, kisha hasara

Safari ya kwanza na waya tulitoa samaki 9 kabla ya saa nne asubuhi. Sita kati yao walitoka kwenye dipsi. Nahodha aliimba njia yote ya kurudi, na mimi nikaandika "waya" na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Lakini siku mbili kabla ya safari hiyo upepo ulikuwa umegeuka ukawa wa kaskazini. Upepo wa kaskazini, kwa sababu ya mzunguko wa dunia, husukuma maji ya juu yaondoke ufuko wa Michigan, na maji baridi hupanda kuziba pengo. Daftari langu linaonyesha maji ya juu yalishuka kutoka nyuzi 22 hadi 12. Samaki walikuwa mita 10 hivi chini ya boti, karibu na nchi kavu, wana njaa. Siku kama ile ungewapata kwa kamba ya viatu. Sisi tuliusifu waya.

Safari ya tatu niliona mstari mweupe kwenye pete ya ncha. Safari ya tano ulikuwa mfereji: waya ulikuwa unaikata pete ya kauri kama msumeno, na mfereji nao ulikuwa unaukwangua waya. Uzi mmoja kati ya 7 ukakatika, ukasimama kama mwiba, ukamchoma Fundi kidole gumba. Waya ukaendelea kupungua uzi baada ya uzi, hadi siku moja ulikatika bila samaki. Dipsi, kibao, ndoana, vyote vikaenda.

Wiki iliyofuata ilikuja hasara ya pili. Nahodha alizoea kuuachia mshipi wa kusuka uende wenyewe, kisha aibane spuli ghafla. Waya haukubali hivyo. Ulikuwa umejazwa hadi ukingoni mwa spuli, na dipsi iliposimama ghafla, mizunguko ikaruka kama springi iliyofunguka. Tukakaa dakika 40 tukiifungua. Mkunjo mmoja mdogo ulibaki, mkali kama pembe ya karatasi, na Nahodha akasema utanyooka majini. Mkunjo wa waya haunyooki. Chinuki aliyefuata aliukata mahali hapohapo.

Halafu kulikuwa na ndoana zilizokuwa zinachomoka. Waya na mshipi wa kusuka, vyote havinyumbuki, lakini Nahodha sasa alikuwa amekaza breki ya rili zaidi akiamini chuma hakikatiki. Chuma hakikukatika, mdomo wa samaki ndio uliochanika. Nadhani hapa mkono wa Tanganyika ulimponza: ukivuta mshipi kwa mkono mtupu, kiganja chako ndicho breki, kinalegeza chenyewe bila wewe kufikiri. Rili haina kiganja.

Uamuzi wa pili

Mwisho wa mwezi wa nane tulikaa jikoni kwa Nahodha na daftari mezani. Safari hii tuliandika kila fimbo kazi yake kabla ya kuulizana mshipi gani.

Fimbo mbili za ndani, bamba likiwa kwenye 1, kazi yake ni kina: zipite chini, karibu na nyuma ya boti. Hizo zikapewa waya. Tulinunua fimbo mbili zilizotengenezwa kwa ajili ya waya, ndefu na laini, zenye pete ngumu na ncha ya springi ya chuma cha pua ambayo inajipinda pamoja na waya badala ya kuukunja. Chini ya waya Fundi akazungushia mshipi wa zamani wa kusuka kama mto, na waya wenyewe haukujazwa hadi ukingoni mwa spuli. Nahodha akajifunza kuutoa polepole, kidole gumba juu ya spuli, kibofyo cha rili kikilia.

Fimbo mbili za nje, bamba kwenye 3, kazi yake ni upana. Hizo zikabaki na mshipi wa kusuka. Sababu ya kwanza ilikuwa fedha, sitaficha: fimbo nyingine mbili za waya zingekula mafuta ya mwezi. Sababu ya pili ni kwamba fimbo ya nje inatolewa na kurudishwa mara nyingi zaidi, na mshipi wa kusuka unasamehe mikono ya haraka.

Kwenye zote nne tukaweka kipande cha mpira wa kupunguza mshtuko kati ya dipsi na mkia, na tukalegeza breki hadi rili ilie kidogo boti ikipita wimbi.

Jaribio la mchanga

Fundi hakuwa ameridhika. Mwezi wa tisa alituomba asubuhi moja bila uvuvi. Tukatafuta mahali ambapo chini ni mchanga tambarare, futi 60 kwa kipimo cha mwangwi, tukatembea kwa mwendo uleule wa kurambazia, na kuachia mshipi kidogo kidogo hadi ncha ya fimbo itikisike kwa dipsi kugusa mchanga. Dipsi ni ileile, bamba kwenye 1, boti inakwenda na kurudi ili mkondo usitudanganye.

Waya uligusa mchanga kwenye futi kama 130. Mshipi wa kusuka, ukiwa safi, uligusa kwenye futi kama 140. Tukauacha mshipi majini dakika 30 ukusanye viroboto, kisha tukajaribu tena. Tulipita futi 170 ndipo tukahisi mguso.

Nyumbani Fundi akapima mita 60 za waya kwenye mizani ya mkewe ya jikoni. Hazikufika gramu 50. Akaja kazini na karatasi ya mahesabu na maneno haya: "Mzee, uzito wa waya wote ni kama yai dogo. Dipsi yenyewe inavuta kwa kilo kadhaa."

Matokeo

Kuanzia uamuzi wa pili hadi boti ilipotolewa majini mwezi wa kumi, hatukupoteza dipsi hata moja. Samaki waliochomoka walipungua sana. Katika samaki waliotoka kwenye dipsi, waya na mshipi wa kusuka viligawana karibu sawasawa: waya ulitawala siku ambazo baridi ilikuwa chini, mshipi wa kusuka siku za maji yaliyopanda na asubuhi za mapema. Boti moja, wiki chache: mtu asijenge nyumba juu ya hesabu hiyo.

Uchambuzi

Nahodha alikuwa sahihi kuhamia waya kwa fimbo za kina. Sababu aliyoitoa, uzito, ilikuwa na mchango mdogo kabisa. Kinachozuia dipsi isishuke ni maji yanayousukuma mshipi mzima kwa ubavu, na msukumo huo unakua kadiri mshipi unavyonenepa. Mshipi safi wa kusuka ulikaribia kabisa kina cha waya. Mshipi uliovaa viroboto umekuwa mnene mara kadhaa, ndiyo maana ulihitaji futi 30 na zaidi za nyongeza kufika kina kilekile. Kwa maneno mengine, yale tuliyoyahesabu kama matatizo mawili mwezi wa saba, viroboto na kina, lilikuwa tatizo moja. Laiti tungelijua hilo, siku ambazo hakuna viroboto tusingekuwa na haja ya waya hata kidogo, na siku zenye viroboto wengi tungeutoa na kuusafisha mshipi kila baada ya nusu saa.

Kulinganisha kwetu kulikuwa kubovu kwa namna ambayo naiona kwa wavuvi wengi. Ukitoa futi 150 za waya na futi 150 za mshipi wa kusuka, ukapata samaki kwenye waya, hujalinganisha mishipi. Umelinganisha vina viwili. Namba ya kwenye rili ni urefu uliotoka, na samaki hajui urefu huo. Baada ya jaribio la mchanga tulibandika karatasi kwenye dashibodi: kwa kina hiki, waya futi kadhaa, mshipi futi kadhaa. Karatasi hiyo imetusaidia kuliko kifaa chochote tulichonunua. Nahodha, ambaye Tanganyika alihesabu kwa pima za mikono, ndiye aliyeisifu zaidi.

Kufyatuka kulikogoma hakukuhusu mshipi kabisa. Nilipolisoma daftari upya niliona kwamba mwanzoni mwa mwezi wa saba Nahodha alikuwa ameongeza mwendo, dipsi zikawa zinafyatuka zenyewe, naye akakaza skrubu. Aliporudisha mwendo chini hakuilegeza. Waya ulipowekwa, dipsi zilifunguliwa na kufungwa upya, skrubu ikalegea, tatizo likaisha, sifa zikaenda kwa waya. Mambo matatu yalibadilika kwa wakati mmoja, ukiwemo upepo wa kaskazini ambao hatukuubadilisha sisi. Pendekezo la Fundi la kuanza na fimbo mbili lingetuonyesha haya kwa wiki moja, na mimi niliyeshika kalamu nilipaswa kulisimamia badala ya kupiga mistari miwili.

Kuhusu mvumo wa waya, kwenye boti yetu wiki ambazo vina vilisawazishwa kwa ile karatasi, waya haukuwa na ubora ulioonekana. Jirani wa gatini hakubaliani nami, na amevua miaka 30.

Uamuzi wa kwanza ulishindwa kwa sababu tuliuona waya kama mshipi, kitu unachokibadilisha na kuacha mengine yalivyo. Waya unataka fimbo yake, ncha yake, kiasi chake ndani ya spuli na kidole gumba chenye subira. Gharama ya waya ni ndogo, hivyo vinavyoambatana nao ndivyo vyenye bei. Mtu mwenye fimbo mbili tu, anayetoka mara moja kwa wiki na wageni wasiozoea rili, ningemwambia abaki na mshipi wa kusuka na awe na kitambaa cha kufutia viroboto.

Mkunjo ndio kanuni pekee ambayo Nahodha sasa haivunji. Akiuona, hata kama samaki wanapiga, anakata waya hapo, anafunga upya, anaendelea na ulio mfupi. Spuli moja imeshapungua kwa zaidi ya futi 200 hivyo. Msimu ujao Fundi anataka kuijaza tena, na Nahodha anasema futi zilizobaki zinatosha kufika mahali samaki walipo.